Timazi Juu ya Kiti cha Rubani

Wengi wanaotaka kurusha ndege nyumbani kwa kompyuta huanza kwa kuuliza skrini ni inchi ngapi. Mzee mmoja ninayemfahamu, mkazi wa South C jijini Nairobi, fundi wa ndege aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, huanza kwa kufunga timazi kwenye dari. Ni timazi ileile ya waashi: uzi, na chini yake kipande cha shaba chenye ncha. Anakaa kwenye kiti chake, analegeza mabega, anatulia jinsi mtu anavyotulia akiwa na safari ya saa mbili mbele yake, kisha anamwomba aliye karibu ashushe uzi mpaka ncha ya shaba ilingane na kope zake. Halafu anainuka. Ncha inabaki ikining'inia pale palipokuwa na jicho, na kuanzia hapo hakuna kipimo chochote chumbani kitakachoanzia mahali pengine.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza, ila wachache huifuata. Skrini ya rubani wa nyumbani ni dirisha, na dirisha hupimwa kwa kiasi cha dunia linachokuonyesha ukiwa mahali fulani. Skrini ya inchi 27 ina upana wa karibu sentimita 60. Ukiikaribia kwa sentimita 60, inajaza nyuzi 53 za mtazamo wako. Rudi nyuma mpaka mita moja, na skrini ileile inajaza nyuzi 33 tu, ingawa pesa uliyolipa haijapungua hata senti. Hesabu ni ya kidato cha pili: chukua nusu ya upana, gawanya kwa umbali, tafuta pembe ya tanjenti hiyo, zidisha mara mbili. Mzee ana daftari lililojaa hesabu hizo, kwa penseli, na karibu na kila jibu ameandika jina la skrini na bei aliyotajiwa dukani.

Ubaya ni kwamba programu haikulazimishi kuwa mkweli. Microsoft Flight Simulator, X-Plane, hata FlightGear ambayo ni ya bure, zote zinakuruhusu kuchora nyuzi 90 za dunia ndani ya skrini inayojaza nyuzi 53 za jicho lako. Picha itapendeza. Utaona dashibodi nzima, mabawa, na kipande kikubwa cha mbingu. Lakini kila kitu kimesinyaa. Njia ya kurukia inaonekana mbali kuliko ilivyo, na unapofika karibu na lami mikono inakosa wakati wa kuinua pua. Wengi hulaumu usukani wao, wakanunua wa bei kubwa zaidi. Mzee huwauliza swali moja tu: jicho lako liko wapi?

Sasa, kwa nini skrini ziwe nyingi? Jibu la haraka ni kwamba zinavutia, na sioni haya kulikubali hilo. Skrini tatu zilizowashwa usiku ni kitu cha kutazama. Lakini ipo sababu ya kitaalamu. Rubani anapokaribia kugusa ardhi, macho yake yako mbali, mwisho wa njia ya kurukia. Kinachomwambia kwamba yuko futi 20 juu ya lami, au futi 3, ni kile kinachopita pembeni asichokitazama: nyasi, taa za kando, alama za rangi nyeupe, vyote vikikimbilia nyuma. James J. Gibson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya utafiti kwa jeshi la anga la nchi yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndiye aliyeliweka jambo hili katika nadharia. Kitabu chake cha mwaka 1950 kinaeleza jinsi ardhi inavyoonekana kutawanyika kutoka sehemu moja, ile ndege inakoelekea, na jinsi mtawanyiko huo unavyobeba habari za kasi na kimo. Sehemu kubwa ya mtawanyiko iko pembeni. Mwenye skrini moja hutua kwa kusoma kipima-kimo na kubahatisha.

Inafaa kukumbuka kwamba simuleta za mwanzo hazikuwa na dirisha kabisa. Edwin Link, wa Binghamton katika jimbo la New York, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha kutengeneza vinanda vya ogani, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua mivukuto ya ogani akaitumia kuinamisha sanduku dogo lenye umbo la ndege. Mwanafunzi aliingia, akafunikwa, akaruka kwa kutazama saa za dashibodi peke yake. Mwanzoni sanduku lile lilionekana mchezo wa maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua, marubani wakaanza kufa wakiruka kwenye mawingu na usiku, ndipo jeshi likanunua masanduku sita. Dirisha lilikuja baadaye sana, kwanza kwa kamera ya televisheni iliyotembezwa juu ya kielelezo cha nchi kilichotengenezwa kwa mikono: vilima, barabara na viwanja vya ndege, vyote vidogo vya kuchezea. Picha za kompyuta zilikuja mwisho. Mzee anaipenda hadithi hii kwa sababu, anasema, inaonyesha kwamba kuona nje ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na watu walioanza na ogani walijua kuiacha mpaka waiweze.

Ugumu huo una kipimo rasmi. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hugawa simuleta kamili katika madaraja manne. Kwa A na B inatosha kila rubani aone nyuzi 45 kwa upana na 30 kwa kimo. Kwa C na D, zile ambazo rubani wa shirika anaweza kufanyia karibu mafunzo yote ya kubadilisha ndege, zinatakiwa angalau nyuzi 176 kwa upana na 36 kwa kimo, bila kukatika. Mashine za aina hiyo kwa upande wetu wa Afrika ziko, kwa mfano, Addis Ababa, kwenye chuo cha Ethiopian Airlines, na bei yake huhesabiwa kwa mamilioni ya dola.

Hapa ndipo daftari la penseli linaponishangaza. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 53 na nusu. Iweke sentimita 80 kutoka kwenye ncha ya timazi. Inajaza nyuzi 61 na nusu kwa upana na 37 kwa kimo. Weka tatu zikizunguka jicho, kila moja kwa umbali uleule, na una nyuzi 184 kwa 37. Yaani kwa pembe peke yake, runinga tatu za kawaida za sebuleni zinapita kile kinachodaiwa kwa daraja D. Mzee aliizungushia namba hiyo duara la kalamu nyekundu, kitu pekee chenye rangi katika daftari zima.

Asidanganyike mtu lakini. Katika simuleta ya Addis picha ya projekta huakisiwa na kioo kikubwa kilichopinda, na kioo hicho hunyoosha miale ya mwanga mpaka macho yaamini kwamba mlima ule uko kilomita kadhaa mbele. Marubani wawili waliokaa bega kwa bega, kila mmoja anaona njia ya kurukia iko sawasawa mbele ya pua yake. Kwenye runinga za South C macho yanajua vizuri kabisa kwamba mlima uko sentimita 80. Ukisogeza kichwa kushoto, mlima haukufuati. Na picha ni ya mtu mmoja: anayekaa kiti cha pili anaona dunia iliyopinda. Hilo halina dawa kwa bei ya nyumbani, na sijaona Mzee akipoteza dakika hata moja kulihuzunikia. Ametengeneza chumba cha jicho moja, yaani la kwake.

Kwa nini runinga, na siyo zile skrini ndefu zilizopinda ambazo vijana wanazitaka? Alizipima nazo. Skrini ya inchi 49 ya mtindo huo ina upana wa karibu mita 1.2, na iliyopindwa kwa nusu-kipenyo cha mita moja hukupa, ukiwa sentimita 70 mbele yake, nyuzi 90 na kitu bila fremu yoyote katikati. Hilo ni jambo jema. Ila kimo chake ni sentimita 34 tu, yaani nyuzi 27. Unapata dunia pana yenye paji fupi: ukiona upeo wa macho huoni dashibodi, ukiona dashibodi umepoteza mbingu. Kwa mashindano ya magari inafaa sana, kwa sababu barabara iko mbele na chini ya upeo. Ndege ikilala upande, rubani anahitaji kuona juu, kule inakogeukia. Binafsi naona skrini hizi hununuliwa zaidi kwa ajili ya picha za kuwaonyesha marafiki, lakini hilo ni langu.

Wapo pia wanaosimamisha skrini tatu wima. Tatu za inchi 27 zilizosimama, kwa sentimita 60, hutoa nyuzi 94 kwa upana na 53 kwa kimo. Wenye helikopta wanazipenda, maana rubani wa helikopta hutazama chini ya miguu yake. Na wapo wanaovaa miwani ya uhalisia bandia, wakaona kila upande kwa kugeuza shingo. Mzee aliijaribu ya kijana mmoja wa jirani, akasema ni maajabu, akairudisha. Hakuweza kuona mikono yake.

Kununua ni kazi nyingine. Luthuli Avenue ina maduka ambayo runinga zimepangwa mpaka barabarani, na muuzaji yeyote atakuwashia video ya samaki wa rangi au maua yanayofunguka, kwa sababu katika video ya namna hiyo kila runinga ni nzuri. Mzee huja na kijiti chake cha kumbukumbu. Ndani yake mna picha moja: kijivu kitupu. Anaomba runinga tatu za modeli moja ziwashwe pamoja, zikiwa na kijivu kile. Hapo ndipo unapoona kwamba runinga pacha si pacha. Moja imeegemea kijani kidogo, nyingine ina wingu jeusi kwenye kona ya chini. Mbingu ya alasiri juu ya Athi ni kijivu kitupu cha aina hiyohiyo, na ikikatwa vipande vitatu vya rangi tatu tofauti, jicho halitasahau kamwe kwamba linatazama runinga. Nilimfuata siku moja. Muuzaji alianza kwa tabasamu, kufika runinga ya nne alikuwa amekaa juu ya boksi akijipepea kwa risiti. Mzee hakuharakisha. Alichuchumaa, akatazama kila moja kutoka mbele, kisha kutoka pembeni kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kwa sababu ukingo wa skrini ya inchi 43 iliyo sentimita 80 kutoka kwako unauona kwa mshazari wa kiasi hicho. Paneli za aina ya VA, ambazo weusi wake ni mzito na mzuri, hufifia zikitazamwa hivyo. Za IPS huvumilia. Alichukua za IPS, weusi wake ukiwa wa kijivu kidogo, kwa sababu yeye huruka zaidi mchana.

Kisha ipo tabia moja ya runinga ambayo imewaharibia wengi kazi bila wao kujua. Runinga nyingi, zikipokea picha kwa kebo ya HDMI, huikuza kidogo na kuficha kingo zake nje ya fremu, mazoea yaliyobaki tangu enzi za runinga za vioo vinene. Kwa mpira wa miguu haina madhara. Kwa mtu aliyehesabu nyuzi 61 na nusu, ni uongo: programu inachora nyuzi hizo, runinga inaonyesha pungufu, na sehemu iliyofichwa haionekani popote. Mistari haitakutana kwenye viungo hata ukihangaika usiku kucha. Kabla ya kitu kingine chochote, ingia kwenye mipangilio ya runinga, uzime ukuzaji huo, na uwashe hali ya michezo ili picha isichelewe nyuma ya mkono.

Hatua inayofuata ni ya programu, na hapa ufundi unaonekana zaidi ya mahali pengine. Njia ya mkato ni kuiambia kadi ya picha iunganishe skrini tatu ziwe moja ndefu; NVIDIA na AMD wote wana mpango huo, na AMD walianza kuutangaza mwaka 2009. Kompyuta huchora picha moja pana, ikaikata mara tatu. Shida ni kwamba picha ya aina hiyo imechorwa kwa ajili ya ukuta mmoja bapa. Kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo vitu vinavyonyooshwa: kwenye nyuzi 45 kutoka katikati vinanyooshwa mara mbili, kwenye nyuzi 60 mara nne. Nyumba ya pembeni inakuwa ndefu kama treni. Tena picha bapa moja haiwezi kamwe kufika nyuzi 180, hata ukiwa na ukuta usio na mwisho.

Njia ya kweli ni kuifanya kila skrini kuwa dirisha lake, lenye mwelekeo wake. X-Plane, ya Austin Meyer na kampuni yake Laminar Research, imeruhusu jambo hilo kwa muda mrefu: kila skrini unaipa upana wa nyuzi zake, na unaiambia imegeuka nyuzi ngapi kushoto au kulia, juu au chini. Microsoft Flight Simulator iliongeza uwezo wa kufanana na huo mwaka 2022, ikiuweka kwenye majaribio. Gharama yake ni kwamba kompyuta inachora dunia mara tatu, na skrini tatu za 4K ni pikseli karibu milioni 25 kwa kila picha. Mzee alishusha ubora wa mawingu na vivuli bila huruma mpaka akapata picha 30 kwa sekunde zisizotetereka. Kwa ndege inayokwenda polepole zinatosha, bora zisiruke ruke.

Namba zenyewe ni hizi. Skrini ya kati haigeuki. Ya pembeni ingegeuka nyuzi 61 na nusu kama picha zingegusana, lakini kila runinga ina fremu ya karibu sentimita moja kwa kila upande. Ukiihesabu fremu, pembe inakuwa nyuzi 62 na nusu. Ile nyuzi moja ya ziada ni kipande cha dunia kinachopita nyuma ya fremu bila kuonekana, kama vile kitu kinavyopita nyuma ya nguzo ya kioo cha ndege halisi. Wengi huzichukia fremu. Kuna kampuni iliyowahi kutengeneza vipande vya lenzi vya kubandika kwenye viungo ili kuzificha. Mzee anazihesabu, basi. Fremu iliyohesabiwa jicho huisamehe. Fremu ambayo haikuhesabiwa, mstari wa barabara unapoingia upande mmoja unatokea upande wa pili ukiwa umeruka, na jicho halisamehi hilo.

Uthibitisho wa namba hizo nimeuona na nimeukalia. Ukiruka mabawa yakiwa sawa, upeo wa macho ukiwa katikati ya skrini, mstari utapita skrini zote tatu umenyooka hata kama namba zako ni mbovu. Kwa hiyo Mzee haamini kitu mpaka ameilaza ndege nyuzi 30 na kuinamisha pua kidogo. Alifanya hivyo nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake, kikombe cha chai mkononi, nikaona upeo umevunjika mara mbili: unapanda kwenye skrini ya kushoto, unakunjika kwenye kiungo, unakunjika tena upande wa kulia.

“Mzee, imekatika hiyo.”

“Kaa wewe, kijana.”

Alitoka, nikakaa. Timazi bado ilikuwa pale, akarekebisha kiti mpaka macho yangu yakawa usawa wa ncha, akanisogeza kwa goti mpaka kope zikakaribia kuigusa. Upeo ulinyooka. Mstari mmoja, kutoka bega la kushoto hadi la kulia, bila kona popote. Nilipoinua kichwa kwa kiganja kimoja tu, kona zilianza kurudi. Picha ile inaonekana mbovu kwa kila mtu chumbani isipokuwa mmoja, na hiyo ndiyo dalili kwamba imekaa sawa.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mzee alirusha Cessna 172 kuzunguka uwanja kwa majuma kadhaa, akaanza kunung'unika. Mzunguko wa kawaida wa uwanja hugeukia kushoto. Unaruka, unageuka kushoto, unageuka tena, unarudi sambamba na njia ya kurukia ikiwa upande wako wa kushoto. Wanafunzi hufundishwa kwamba mwanzo wa njia ukishakuwa nyuma ya bawa kwa nyuzi 45, ndio wakati wa kugeuka tena kuelekea kutua. Nyuzi 45 nyuma ya bawa ni nyuzi 135 kutoka puani. Runinga zake tatu, zenye nyuzi 93 kila upande, ziliishia usawa wa bawa. Kile alichohitaji kukiona kuliko vyote kilikuwa ukutani, karibu na kalenda.

Dawa waliyoizoea wengi ni kifaa cha kufuatilia kichwa, kama TrackIR, ambacho hugeuza picha unapogeuza shingo. Kwa skrini moja ni baraka. Kwa skrini tatu zilizopangwa kwa timazi ni fujo, kwa sababu dunia yote inazunguka huku madirisha yamesimama. Mzee alifikiri kwa njia nyingine. Alijiuliza skrini ya kulia inamsaidia nini. Rubani wa Cessna hukaa kushoto. Kulia kwake kuna abiria, kioo cha abiria, na zaidi ya hapo ardhi ambayo mzunguko wa kushoto haumwombi kuitazama. Akaing'oa. Akaihamishia kushoto kabisa, nyuma ya ile ya kushoto, ikiwa imegeuka nyuzi 125 kutoka mbele. Sasa anaona nyuzi 30 tu kulia, na zaidi ya 155 kushoto. Nyuzi 135 ziko ndani ya skrini hiyo, mbali na ukingo wake.

Mpangilio huu usio na ulinganifu ndio ninaousifu kuliko yote. Ukiingia chumbani unaonekana kama kazi iliyoachwa nusu. Karibu kila picha ya chumba cha rubani wa nyumbani utakayoiona ina skrini moja kati na moja kila upande, zimelingana kama mabawa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jirani yake mmoja anayerusha Airbus nyumbani alimwambia mpangilio huo hauna faida, na kwa Airbus ana haki: huko rubani hutazama mbele na ndani, hutua kwa kunyooka kutoka maili nyingi, na pesa yake ingekwenda kwenye skrini za dashibodi. Hakuna mpangilio bora. Kuna ndege fulani, na kazi fulani ya ndege hiyo.

Dashibodi ya Mzee ilimpa kazi ndogo ya kufurahisha. Tundu la saa ya kawaida ya ndege ndogo lina kipenyo cha inchi 3 na moja ya nane, kipimo ambacho vidole vyake vimekijua maisha yote. Alitafuta skrini kuukuu ya ofisini ya inchi 19, ile ya karibu mraba inayouzwa bei ya kutupa, upana sentimita 37 na nusu, akakata plaiwudi yenye matundu sita ya kipimo hicho, safu mbili za tatu tatu, akaifunika juu yake. Programu inachora saa sita, kila moja nyuma ya tundu lake, kwa ukubwa wake halisi. Kwa hatua tatu nyuma sikuweza kujua kwamba hazina kioo.

Lilibaki tatizo la mlango. Runinga ya tatu, huko nyuma kushoto, ilifunga kabisa njia ya kufika kwenye kiti, na upande wa kulia kuna kabati. Cessna huingiwa kwa mlango wa kushoto, akasema, na hii itaingiwa kushoto. Fundi wa mageti wa Kariobangi aliyemchomelea stendi ya mabomba ya mraba aliongeza mkono wenye bawaba mbili za geti, runinga ikafungwa humo kwa matundu yake manne ya nyuma, nyaya zikaachiwa kitanzi cha ziada. Unaivuta runinga, unaingia, unakaa, unaifunga. Ni starehe kubwa, siwezi kuficha.

Lakini bawaba ya geti ina mchezo. Kila ikifungwa, runinga ilisimama mahali tofauti kidogo, na kwa umbali wa sentimita 80, kila sentimita moja ni nyuzi sifuri nukta saba. Mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi. Mzee alifunga na kufungua, akapima kwa uzi kutoka kwenye timazi, akaandika, akampigia fundi arudi na komeo zito lenye pini ya kuingia tunduni bila nafasi. Fundi alikuja na mashine yake, akaipima ile tofauti kwa jicho, akaona ni kama nusu sentimita.

“Mzee, hata geti la benki halidai hivi.”

“La benki halitui,” Mzee akamjibu, akamwonyesha soketi ya kuchomekea mashine.